Wakiwa Wawili Ndipo Tuseme



Leo nina neno na watu wa njia kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Nina neno na wenye vibanda vya chai, wachinjaji, madereva wa malori na mataniboi wao, akina mama wanaouza vitunguu kando ya lami, na walimu wa shule ambazo uwanja wake unatazamana na barabara. Neno lenyewe ni la kunguru. Wenzetu wa Mombasa, Kilifi na Kwale watasema, kunguru gani tena, sisi tumekwisha kuzoea. Nitawarudia baadaye. Kwa sasa namtafuta yule aliye Makindu, Emali, Sultan Hamud au Salama, ambaye pengine wiki hii ameona kunguru mmoja au wawili wa sura ngeni juu ya paa la kichinjio, akawatazama kidogo, kisha akaendelea na kazi yake. Habari uliyo nayo, ndugu yangu, ina thamani kuliko ya mtu wa Mombasa aliyeona kunguru elfu. Na ukikaa nayo kimya mpaka hao wawili wawe elfu, haitakufaa wewe wala mtu mwingine yeyote.

Tuelewane kwanza ni ndege yupi. Tangu enzi za mababu tunaye kunguru wetu wa hapa, yule mkubwa, mweusi tititi, mwenye kifua cheupe na weupe uliozunguka hadi nyuma ya shingo. Huyo ni mwenyeji, tumwache. Ninayemsema ni mwembamba kuliko huyo na hana weupe popote. Paji, koo, mbawa na mkia ni vyeusi vyenye mng'ao, na shingo yake pamoja na kifua ni vya kijivu. Sauti yake ni kavu, hana haya, na akitua mezani pako hukuangalia usoni. Mombasa wengi humwita kurabu. Wengine humwita kunguru wa Bara Hindi, na jirani zetu wa Tanzania humwita kunguru wa Zanzibar. Ndege ni yuleyule.

Kwao ni India, Pakistan, Sri Lanka na nchi za jirani na hizo. Unguja hakuja kwa hiari yake. Aliletwa katika miaka ya 1890, kisiwa kikiwa chini ya himaya ya Waingereza, kwa tumaini kwamba atasaidia kula taka za mji. Walikuwa ndege wachache tu. Kufikia mwaka 1917 alikuwa amekwisha kutangazwa kuwa ndege mharibifu. Angalia ilivyokuwa haraka: mtoto aliyezaliwa mwaka aliopakuliwa yule ndege bandarini alikuwa bado hajafikisha miaka 30 pale serikali ilipoanza kutafuta namna ya kumwondoa. Haikufaulu. Mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Bila shaka wa kwanza kumwona mjini humo waliona mmoja, au wawili, au watano, wakastaajabu kidogo, wakaenda zao. Ningependa kuwalaumu, lakini hapakuwa na mtu wa kuwaambia wamtazame kwa makini. Sisi tumeambiwa.

Leo ameenea pwani yetu yote na ameanza kupanda bara. Voi yupo, Mtito Andei yupo, na ameonekana hadi Makindu. Anaifuata barabara kwa sababu anamfuata binadamu. Huyu si ndege wa msituni, wala hutamkuta nyikani akiishi kwa jasho lake. Chakula chake ni mabaki yetu, kiota chake kipo kwenye mwembe wa uani kwetu au juu ya nguzo yetu ya umeme. Kichinjio kinachotupa matumbo nje, jaa lisilozolewa, hoteli ya malori inayomwaga makombo nyuma ya jiko, hapo ndipo kwake. Sasa hesabu mwenyewe vituo vya namna hiyo kutoka Makindu hadi Mlolongo, kisha ukumbuke kwamba mwisho wa safari hiyo kuna jiji lenye mamilioni ya watu na taka zao, na pembeni ya jiji hilo ipo Mbuga ya Taifa ya Nairobi pamoja na ndege wake wote.

Pengine wewe wa bara hujaona kazi yake, kwa hiyo nikueleze.

Kunguru huyu anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na hafanyi hivyo kwa bahati. Anakagua mti tawi kwa tawi. Akigundua kiota huita wenzake, mmoja akamsumbua mama hadi akaruka, mwingine akachukua kilichomo. Kwera waliosuka viota vyao kwenye mnazi, chozi mwenye kiota kidogo kinachoning'inia, tetere, kurumbiza, wote hupoteza watoto msimu baada ya msimu. Ndege asiyekuza watoto huonekana yupo miaka miwili mitatu, kwa kuwa wakubwa bado wanaishi, halafu siku moja unagundua humsikii tena alfajiri. Muulize mtu mzima yeyote wa Mombasa ni ndege gani walikuwa wakiimba uani kwao alipokuwa mdogo, kisha muulize leo anasikia nini. Hata mwewe na kipanga, ambao tungetegemea wamtie adabu, hufukuzwa kwa makundi mpaka wakahama.

Na hao ndege wadogo wana kazi yao. Wengi hulisha makinda wao viwavi na wadudu. Wakiondoka, mdudu anabaki shambani akila bila bughudha, na mkulima anaingia dukani kununua dawa ambayo zamani hakuihitaji.

Kisha kuna kuku. Mama anayefuga kuku wa kienyeji hana bima. Akitotolewa vifaranga, hao ndio karo ya muhula, ndio daftari, ndio mafuta ya taa. Kunguru hushuka mchana kweupe, akachukua kifaranga mmoja, akarudi kwa mwingine, na kabla ya wiki kwisha kuku anabaki akilia peke yake. Yapo maeneo ya pwani ambako akina mama wamelazimika kufungia vifaranga ndani hadi wakue, maana yake chakula cha kununua na nafasi ya nyumba kupungua. Ongeza mapapai na maembe yanayotobolewa mtini. Ongeza samaki aliyeanikwa juani.

Kuhusu afya, fikiria tu njia yake ya siku moja: mtaroni asubuhi, jaani saa tatu, buchani mchana, kwenye sahani ya mgonjwa dirishani alasiri. Watafiti wamekuta vijidudu vya kuharisha kwenye kinyesi chake, na anaweza kueneza mdondo wa kuku kutoka boma hadi boma. Na msimu wa kutaga ukifika humshambulia mpita njia kichwani, hasa watoto wa shule wanaopita chini ya mti wenye kiota. Wengine hujenga viota kwa vipande vya waya juu ya nguzo, wakasababisha hitilafu ya umeme.

Je, anaweza kuzuiwa? Ndiyo, na ushahidi upo katika Bahari Hindi yetu hii hii. Visiwa vya Shelisheli vilivamiwa na kunguru huyu katika miaka ya 1970, wakiwa wachache waliofika kwa meli. Watu wa kule hawakungoja. Waliwawinda kwa miaka, wakati mwingine wakidhani wamemaliza kisha akaonekana mwingine, na kufikia mwaka 1994 wakawa wamewamaliza. Kisiwa cha Sokotra, ambacho mabaharia wa majahazi wanakijua vizuri, kilimpata katika miaka ya 1990. Kwa miaka mingi wenyeji, wakiwemo vijana waliopanda miti kutoa makinda viotani, waliwazuia wasiongezeke, na mwaka 2009 wale wachache waliosalia wakaondolewa wote. Shelisheli na Sokotra si sehemu tajiri kuliko zote, wala watu wake hawakuwa na silaha ya ajabu. Walikuwa na watu waliojua kila ndege alipo.

Sasa linganisha na Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mradi mkubwa wa kuwapunguza, na walipungua kweli, sehemu kubwa sana ikatoweka. Mradi ukaisha, fedha zikaisha, wachache waliobaki wakazaliana, na idadi ikarudi. Hapa Kenya nako kuna dawa iliyokuwa ikitumika kwa kazi hii, na Malindi na Watamu kunguru wakashuka sana. Uingizaji wa dawa hiyo ulipozuiwa mwaka 2005, wakafufuka. Mwaka 2024 serikali iliiruhusu tena, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likatangaza nia ya kuwaondoa kunguru milioni moja. Milioni moja! Hicho ndicho kiasi cha kazi inayokungoja usiposema mapema. Nayaheshimu sana mashirika kama A Rocha Kenya pale Watamu, ambayo yamelipigia kelele jambo hili miaka na miaka, lakini hakuna shirika lenye macho ya kutosha kutazama kila paa la kila soko kutoka Vanga hadi Namanga. Macho hayo unayo wewe.

Nitoe mfano mmoja ambao si wa ndege, kwa sababu unaniuma. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati aliingia Tanzania, inaelekea pamoja na mahindi ya msaada. Ni dumuzi, yule anayetoboa punje za mahindi hadi ghala zima likageuka unga, na akimaliza mahindi anatoboa hata miti ya ghala. Wakulima wa Tabora walimwona kabla ya mtaalamu yeyote. Walimjua hata wakampa jina, wakamwita Skania, kwa jina la yale malori makubwa. Kwenye maandishi ya kitaalamu alikuja kutajwa mwaka 1981. Kufikia mwaka 1983 alikuwa amevuka mpaka na kuonekana Taveta, na leo hakuna mkulima wa mahindi katika ukanda huu asiyemjua. Kati ya siku mkulima wa Tabora alipojua na siku ofisi ilipojua, magunia yalikuwa yakipakiwa na kusafiri. Ujuzi ulikuwepo kijijini. Kilichokosekana ni njia ya kuufikisha.

Kwa nini watu hawasemi? Nimewasikiliza wengi kuhusu hili, na sikubali kwamba ni uvivu. Wako wanaoona aibu: niende kwa chifu, ambaye ana kesi za mashamba na wizi wa mifugo, nimwambie nimeona kunguru? Wako wanaohofia kwamba ukitaja jambo ndiwe utakayepewa kazi ya kulitatua. Wako wanaodhani kitu kidogo hakiripotiwi, kwamba ripoti ni ya moto au ya maiti. Na wako wengi, tena hawa ndio wanaonisikitisha zaidi, waliowahi kwenda. Walikwenda ofisini kuhusu fisi, au nyani, au mbwa wasio na wenyewe, wakaandikiwa jina kwenye karatasi, na hawakusikia tena. Mtu wa namna hiyo huwezi kumlaumu akinyamaza mara ya pili.

Kwa hiyo nasema na maofisa pia, wanaonisikiliza wakiwa wanavaa viatu kwenda kazini. Mwananchi akikuletea habari ya ndege, mpe jibu. Hata kama huna gari wala mtego, mwambie: nimeiandika, nimeipeleka kwa fulani, rudi baada ya wiki mbili nikueleze. Jibu hilo halikugharimu chochote, na ndilo litakalomfanya yule mama arudi siku atakapowaona kumi. Katiba yetu ya 2010 imezikabidhi serikali za kaunti udhibiti wa wanyama, na uzoaji wa taka pia. Wanyamapori wako chini ya KWS. Kunguru huyu anasimama kwenye mpaka wa ofisi hizo mbili, na najua ilivyo rahisi kila mmoja kumwelekeza mwananchi kwa mwenzake. Tafadhalini, msifanye hivyo. Atakayempokea kwanza ndiye ampigie simu mwenzake.

Wapo pia wanaoona vibaya kumtoa roho ndege. Hisia hiyo naiheshimu, kwani kunguru huyu hana kosa, binadamu ndiye aliyemtoa kwao. Waislamu wanafahamu kwamba kunguru ametajwa miongoni mwa wanyama watano waharibifu ambao hata aliye katika ihramu ya hija ameruhusiwa kuwaua. Lakini ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Ndiyo sababu nataka kazi hii ifanywe na wanaoijua, na ndiyo sababu nataka ifanywe wakiwa wachache. Kuwaondoa ndege wanne leo ni huruma kuliko kuwaondoa laki moja baada ya miaka kumi, pamoja na makinda yote ya kwera yatakayokuwa yameliwa katika muda huo.

Na hapa nikuombe kwa msisitizo: usiweke sumu yako mwenyewe. Usichukue dawa ya mimea ukapaka kwenye nyama na kuitupa uwanjani. Nchi hii imekwisha kupoteza simba na tumbusi kwa sumu za madukani za namna hiyo. Atakayekula ni mbwa wa jirani, mwewe, kunguru wetu mwenye kifua cheupe, na Mungu apishe mbali, mtoto. Dawa wanayotumia wataalamu ni ya aina nyingine. Huathiri zaidi aina fulani za ndege, hufanya kazi polepole, na sehemu kubwa yake huvunjika mwilini mwa ndege kabla hajafa, hivyo anayekula mzoga hayumo katika hatari ileile. Tena hawaitupi ovyo. Kwanza huweka nyama safi siku kadhaa mahali pamoja, wakiangalia nani anakuja kula. Wakihakikisha ni kunguru wavamizi peke yao, ndipo huweka yenye dawa, na mabaki hukusanywa. Au hutumia tundu kubwa lenye kunguru hai ndani anayewavuta wenzake.

Ukielewa kazi hiyo utaelewa ni habari gani inahitajika. "Kuna kunguru hapa Emali" ni mwanzo mzuri, lakini mtego huwekwa mahali, hauwekwi Emali nzima. Sema ni jengo gani, au mti upi, karibu na nini. Sema wangapi, na kama huna hakika sema "si chini ya watatu". Sema saa ngapi. Kubwa kuliko yote, sema wanalala wapi. Kunguru hawa hutawanyika mchana, lakini jioni hukusanyika kulala mti mmoja au miti michache, na anayejua mti huo amewajua wote. Mwaka 2020 nzige walipotuvamia, habari iliyofaa ilikuwa ya jioni: wametua bonde lile. Ndege ya kunyunyizia dawa ingefika alfajiri kabla hawajaruka. Habari ya kesho kutwa ilikuwa hadithi tu. Kwa kunguru una nafasi zaidi, maana hurudi kulala palepale, lakini mtazamaji wa jioni bado ndiye mwenye ufunguo. Ukiwa na simu yenye kamera, piga picha hata ikiwa mbaya, mradi kijivu cha shingo kionekane, ili asije akauawa yule wetu wa asili kwa makosa.

Nawe dereva wa lori, unaona kituo baada ya kituo katika usiku mmoja, jambo ambalo hakuna afisa anayeliweza. Ukishuka kula Kibwezi, tazama juu. Ukiwaona Konza, mwambie mwenye hoteli, na mwambie mlinzi wa KWS wa kwanza utakayekutana naye.

Sasa nirudi kwenu watu wa pwani, kama nilivyoahidi. Ninyi hamhitaji kutangaza kwamba kunguru wapo. Habari yenu ni ya aina tatu. La kwanza ni viota. Kuanzia karibu na Septemba hadi mwisho wa mwaka wengi huwa wanataga, na mayai huanguliwa kwa muda wa wiki mbili na nusu hivi. Kiota kikionekana kwenye mti wa shule au hospitali, kisemwe mapema, kiondolewe kabla makinda hayajaruka. Usimtume mtoto kupanda, na kilicho kwenye nguzo ya umeme waachiwe watu wa umeme. La pili ni chakula chao. Kichinjio au hoteli inayotupa matumbo wazi ni jambo la afisa wa afya ya umma, na ana mamlaka ya kisheria juu yake. Kuua kunguru huku jaa likiwa wazi ni kupoteza dawa. La tatu ndilo linalosahauliwa kila mara: baada ya timu kupita na kunguru kupungua, yule wa kwanza kurudi anapaswa kutajwa. Unguja walipumzika wakiwa wamebakiwa na wachache. Shelisheli walihesabu hadi wa mwisho.

Ofisi ya chifu, ya naibu wake, ya msimamizi wa wadi, ya afya ya umma, ya mifugo, na kituo cha KWS kilicho karibu, zote ni milango halali. Ukiwa huwezi kwenda, mweleze mzee wa nyumba kumi akupelekee. Mkiwa na baraza wiki hii, ombeni liwekwe kwenye ajenda, na ombeni ofisi iwe na daftari moja la kuandika wanyama na wadudu wageni, lenye nafasi ya tarehe, mahali, idadi, na hatua iliyochukuliwa. Hiyo safu ya mwisho msikubali iachwe tupu.